Shajara ya mradi: kiti cha mwaloni mbichi, bila gundi wala misumari

3 Februari. Kusudi na gogo

Mradi huu ni wa kutengeneza kiti kimoja cha mgongo kutokana na gogo bichi, kwa zana za mkono, bila gundi na bila msumari hata mmoja, na kuandika kila hatua kwa namna ambayo msomaji mwenye shoka, kisu, patasi na kekee ataweza kuifuata hadi mwisho. Kuna kusudi la pili linalokwenda sambamba na hilo. Mafundi wakubwa wa viti wametuachia vitu vinavyotazamwa na kusifiwa, lakini sababu zilizowafanya wakate pale na si hapa huonekana tu pale mtu anaposhika mti uleule na kukutana na ukaidi uleule. Kwa hiyo nimechagua mafundi wachache ambao maisha yao ya kazi yanajulikana vya kutosha, na kila nitakapokwama nitapima njia ya mmoja wao kabla ya kuamua yangu. Ninaamini kwamba kile tunachokiita ubunifu wa fundi, mara nyingi, ni jibu alilolifikia baada ya malighafi kumkatalia, na shajara hii itaipima imani hiyo.

Gogo ni la mwaloni, lenye kipenyo cha sentimita 40 na urefu wa mita 1.5, limekatwa karibuni na halina fundo kwa nje. Mistari ya gome lake inapanda wima. Gome lenye mistari inayozunguka shina huashiria kwamba nyuzi za ndani nazo zimezunguka, na gogo la namna hiyo halifai kwa kazi hii hata likitolewa bure. Msomaji asiye na mwaloni atumie mti wowote mgumu unaopasuka kwa unyoofu. Jaribio ni kupasua kipande kifupi kwa kabari na kuangalia kama ufa unafuata nyuzi au unakimbilia pembeni.

Ninaanza na mti mbichi kwa sababu unapasuka kwa urahisi na kisu huukata kwa ulaini, lakini zaidi kwa sababu haujasinyaa bado. Mti hauanzi kusinyaa hadi unyevu wake ushuke chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Kutoka hapo hadi ukavu kamili, mwaloni hupungua kwa takriban asilimia 8 hadi 10 kufuata mzingo wa pete zake, karibu nusu ya kiasi hicho kutoka kiini kwenda gome, na kwa urefu hupungua kidogo mno hata fundi hana haja ya kuhesabu. Msomaji azishike vizuri namba hizo, kwa maana karibu kila tatizo lililoandikwa hapa chini linatokana na tofauti iliyopo kati yake.

10 Februari. Kupasua na kuhifadhi

Kupasua kulikwenda bila shida. Kabari za chuma zilianzisha ufa kichwani mwa gogo, kabari za mti zikaufuata, na gogo likagawanyika nusu, robo, kisha thumuni. Kila mara kipande hugawanywa katikati ya unene wake, kwa kuwa ufa hupenda kukimbilia upande mwembamba. Unapoanza kupotoka, upande mnene ndio unaokandamizwa ili ufa urudi kwake.

Uhifadhi ndio uliogharimu. Vipande vilivyofungwa kwa plastiki ili visikauke vilipata ukungu, na weupe wa mti wa nje ukaingiwa na madoa ya kijivu. Vile vilivyoachwa wazi vilipasuka vichwani kwa nyufa zilizoingia ndani sana, kwa sababu maji hutoka haraka zaidi kwenye ncha zilizokatwa kuliko ubavuni. Dawa iliyofaa ni kuvizamisha vipande vyote kwenye pipa la maji, kubadilisha maji yanapoanza kunuka, na kupaka nta nzito kwenye ncha za kila kipande kinachotolewa kwa ajili ya kazi. Vipande vya miguu viwili vilipotea kabisa.

Nilijiuliza kama vipande hivyo vingeweza kuokolewa kwa njia ya George Nakashima (1905–1990). Alikuwa msanifu majengo, na mafunzo yake ya viungo vya Kijapani aliyapata kwa seremala Gentaro Hikogawa, walipokuwa wamezuiliwa pamoja katika kambi ya Minidoka, Idaho, wakati Marekani ilipowafungia raia wake wenye asili ya Japani katika Vita vya Pili vya Dunia. Malighafi yao kambini ilikuwa mabaki ya mbao za ujenzi na vichaka vya jangwani. Baadaye, katika karakana yake ya New Hope, Pennsylvania, Nakashima alijulikana kwa meza za mbao pana ambazo nyufa zake hazikufichwa, bali zilishikwa kwa kabari zenye umbo la kipepeo. Ninaona uhusiano wa moja kwa moja kati ya mambo hayo mawili: mtu aliyejifunza kazi pahali ambapo hakuna mbao za kuchagua hatupi ubao kwa sababu ya ufa. Lakini bapa la meza limelala na ufa wake haubebi mtu, ilhali mguu wa kiti hupindwa na uzito kila anayeketi anapojisogeza. Kipepeo kisingetosha. Vipande vile vimekatwa kuwa vifupi na vitatumika katika majaribio ya viungo.

24 Februari. Miguu na vipago

Kiti kitakuwa na miguu miwili mifupi ya mbele, miwili mirefu ya nyuma itakayobeba mgongo, na vipago vinavyoiunganisha kama ngazi. Miguu ina kipenyo cha milimita 38; ya mbele ina urefu wa milimita 460 na ya nyuma 1,020. Vipago vimeachwa na unene wa milimita 25 katikati, na ncha zake zitachongwa kuwa ndimi za milimita 16 baada ya kukauka.

Kwa hatua hii walimu wangu ni wakereza miguu wa vilima vya Chiltern, Uingereza, ambao majina yao mengi hayakuandikwa popote. Walifanya kazi ndani ya msitu, chini ya kibanda chepesi, kwa kerezo iliyozungushwa kwa kukanyaga ubao uliofungwa kwa kamba kwenye mti mwembamba unaonesa. Walipasua, wakachonga na kukereza mti ungali mbichi, wakairundika miguu ikauke kwa hewa, kisha wakaiuza kwa mafungu ya 144 kwa viwanda vya High Wycombe, mji ambao katika miaka ya 1870 ulitoa zaidi ya viti 4,000 kwa siku. Wao wenyewe hawakuunda kiti kizima, na malipo yao yalihesabiwa kwa idadi. Sipendi maisha yale yanapoelezwa kama utulivu wa msituni. Yalikuwa kazi ya kipande, yenye mapato madogo, na ufupi wa kila tendo lao ulitokana na hesabu ya siku. Hata hivyo ufupi huo ni elimu. Mtu aliyelazimika kumaliza mafungu mengi kabla ya mwisho wa juma alijua hasa ni mapigo gani ya shoka yasiyo na kazi, na kwa kufuata mpangilio wao wa kupasua, kuchonga, kisha kukereza, kiasi cha mti ninaoutupa kimepungua sana.

Pamoja na hayo, kerezo haikufaa kwa miguu yangu ya nyuma. Kerezo huzungusha kipande kwenye mstari ulionyooka, wakati gogo langu lina mkunjo mdogo. Pale mti unapopinda, patasi hukata nyuzi katikati badala ya kuzifuata, na mguu uliokerezwa ulivunjika kwenye sehemu hiyohiyo nilipoukandamiza kwa goti. Mvunjiko ulikuwa mfupi na mshazari, alama ya nyuzi zilizokatwa. Miguu yote sasa inachongwa kwa kisu cha kuvuta chenye mipini miwili, nikiwa nimeketi kwenye benchi linalobana kazi kwa nguvu ya mguu, na ninafuata nyuzi hata pale zinapoupa mguu upindo kidogo. Kwanza mguu huwa wa pembe nne, kisha nane, kisha mviringo. Mguu huo hautakuwa umenyooka kikamilifu, lakini utakuwa na nyuzi zinazotoka unyayoni hadi kileleni bila kukatika, na hilo ndilo ninalolitaka kwanza.

10 Machi. Kukausha vipago

Kipago lazima kiwe kikavu kuliko mguu wakati wa kuunganisha, kwa kuwa kiungo kizima kinategemea ulimi mkavu kuvimba ndani ya tundu lenye unyevu zaidi ambalo, likikauka, litaubana. Vipago viliwekwa katika sanduku la mbao lenye balbu ya joto, kwa nyuzi zisizozidi 60 za selsiasi, na vilipimwa kwa mizani kila siku. Kipago kimekauka pale uzito wake unapoacha kushuka, na kukigusa kwa mkono hakukuambii lolote la kuaminika.

Kilichoshindikana ni kuchonga ndimi kabla ya kukausha. Zilitoka mviringo kamili kwenye kisu, zikarudi kutoka sandukuni zikiwa na umbo la yai, kwa kuwa upande unaofuata mzingo wa pete ulikuwa umesinyaa karibu maradufu ya upande mwingine. Vipago hivyo vimegeuzwa kuwa kuni za hatua ya mvuke. Kanuni iliyobaki ni kwamba ncha ziachwe nene kwa milimita 3, zikaushwe hadi mwisho, ndipo zikatwe kwa kipimo cha mwisho, na zirudishwe sandukuni hadi saa ya kuunganisha, kwani hata usiku mmoja wa hewa yenye unyevu huzivimbisha kiasi cha kukataa kuingia.

24 Machi. Kupinda miguu ya nyuma

Miguu ya nyuma inapaswa kulala kidogo kuanzia usawa wa kikalio kwenda juu, la sivyo mgongo wa anayeketi utasukumwa mbele. Ninatumia sanduku refu la mbao linaloingizwa mvuke kutoka kwenye chungu kilichofunikwa. Kanuni ya kazi ni saa moja ya mvuke kwa kila milimita 25 za unene, kwa hiyo miguu yangu ilikaa humo saa moja na nusu.

Mguu wa kwanza ulichanika kwa nje ya pindo, kibanzi kirefu kikanyanyuka, na mguu wa pili ukafanya vivyo hivyo mahali palepale. Kuongeza muda wa mvuke hakukusaidia. Kulifanya upande wa ndani ukunjamane huku upande wa nje ukiendelea kuchanika. Sababu iko katika tabia ya mti wenyewe. Mti uliolainishwa kwa mvuke huvumilia kubanwa kwa asilimia 20 au zaidi ya urefu wake, lakini ukivutwa hauvumilii zaidi ya asilimia 2 hivi. Ukiupinda kwa mikono tu, upande wa ndani hubanwa na wa nje huvutwa, na ule wa nje hufikia mpaka wake kitambo kabla ya wa ndani.

Hapa ndipo Michael Thonet (1796–1871) alipokuwa amesimama kabla yangu. Alizaliwa Boppard, kando ya mto Rhine, na kwa miaka mingi alipinda viti kwa vipande vyembamba vya mti vilivyochemshwa na kugandishwa kwa gundi. Gundi ya zama zile haikustahimili hewa yenye unyevu, na bidhaa iliyosafirishwa mbali ilikuwa katika hatari ya kubanduka. Ikambidi apinde mti mzima, naye akakutana na mchaniko huuhuu. Jibu lake lilikuwa bamba la chuma lililofungwa kwenye upande wa nje wa kipande, likiwa na vizuizi kwenye ncha zote mbili, ili mti usiweze kurefuka hata kidogo, na pindo lote lifanyike kwa kuubana upande wa ndani. Kutokana na jibu hilo kilipatikana kiti chake namba 14 cha mwaka 1859, chenye vipande sita vya mti, skrubu kumi na nati mbili, ambacho viti 36 vilivyofumuliwa viliingia katika kasha la mita moja ya ujazo. Watu hukitazama kiti kile na kuzungumzia wepesi wa mistari yake. Mimi, baada ya kuokota vibanzi sakafuni, ninaona bamba la chuma katika kila pindo lake, na heshima yangu kwake imeongezeka.

Jibu la Thonet lilikuwa na upande wa pili unaostahili kuandikwa katika shajara inayohusu maisha ya kazi. Kalibu na bamba vikishatengenezwa, kupinda hakuhitaji tena fundi aliyesomea kazi kwa miaka. Katika kiwanda cha Koritschan, Moravia (leo sehemu ya Jamhuri ya Cheki), kilichoanzishwa katika miaka ya 1850, kazi iligawanywa kwa watu waliofundishwa tendo moja kila mmoja. Ujuzi ulihama kutoka mikononi mwa mtu ukaingia katika chombo. Sioni kwamba hilo lilikuwa baya kwa kiti, lakini kwa mfanyakazi lilimaanisha kwamba hakuondoka kiwandani na ufundi aliouingiza yeye mwenyewe kichwani.

Nimetengeneza bamba langu kwa chuma chembamba cha milimita 1.5, na vizuizi vya mti mgumu kwenye ncha. Mambo mawili yanahitaji uangalifu. Kizuizi lazima kiguse ncha ya mguu bila nafasi yoyote, kwa maana nafasi ndogo tu huupa mti ruhusa ya kuvutika kabla haujashikwa. Vilevile kila kitu kiwe tayari kabla ya kufungua sanduku, kwa kuwa mti hupoteza ulaini wake ndani ya muda usiofika dakika moja. Miguu iliyofuata ilipinda bila mchaniko wowote. Pindo limezidishwa kidogo kuliko linalotakiwa, kwa sababu mti hurudi nyuma unapofunguliwa, na miguu itabaki imefungwa kwenye kalibu hadi ikauke kwa hewa.

14 Aprili. Madoa meusi

Bamba lilipofunguliwa, upande mzima wa nje wa kila mguu ulikuwa na rangi ya buluu iliyokolea hadi weusi. Mwaloni una tanini nyingi, na tanini ikikutana na chuma penye maji hutoa rangi ileile iliyotumika kwa karne nyingi kutengenezea wino. Thonet hakusumbuliwa nalo kwa kiasi hiki, kwani alitumia zaidi mti wa jamii ya Fagus (beech kwa Kiingereza), wenye tanini kidogo. Njia ya fundi ikihamishiwa mti mwingine huja na tatizo ambalo yeye hakuwa na haja ya kulitatua.

Kuranda hakukufaa, kwa kuwa doa lilikuwa limeingia ndani na kila tabaka lililoondolewa lilipunguza nyuzi za upande wa nje, zile hasa zinazobeba pindo. Madoa mepesi yalitoka kwa maji ya limau. Yaliyokolea yalihitaji asidi ya oksaliki iliyoyeyushwa katika maji ya moto, ikapakwa kwa brashi, ikaachwa kufanya kazi, kisha ikaoshwa mara kadhaa. Asidi hiyo ni sumu, na vumbi lake likikauka huumiza pua na mapafu. Glavu na miwani ni lazima, na mti usipigwe msasa kabla ya kuoshwa kabisa. Atakayefuata mradi huu na atumie bamba la chuma kisichoshika kutu, au angalau aweke plastiki ngumu kati ya bamba na mti. Hatua nzima, pamoja na muda na miguu iliyochanika, imekuwa ya gharama kubwa kuliko zote.

5 Mei. Viungo vya majaribio

Kabla ya kugusa miguu halisi nimeunganisha viungo kadhaa kwa vile vipande vilivyopasuka mwezi Februari. Tundu lina kipenyo cha milimita 16 na kina cha milimita 25. Ulimi unazidi tundu kwa unene kidogo, kiasi cha kuingia kwa nyundo ya mti na si kwa mkono.

Baadhi ya viungo viliupasua mguu siku chache baada ya kuunganishwa, na vingine havikuonyesha ufa wowote, ingawa vipimo vilikuwa sawa. Niliposafisha ncha na kutazama pete, tofauti ilijidhihirisha. Ulimi mkavu ukinyonya unyevu huvimba zaidi kwa kufuata mzingo wa pete zake. Pale uvimbe huo mkubwa ulipoelekea ubavuni mwa mguu, uliusukuma mguu kwenye upande ambao nyuzi zake huachana kwa urahisi, nao ukapasuka. Pale ulipoelekea juu na chini, kufuata urefu wa mguu, ulikutana na ncha za nyuzi ambazo hazitenganishwi hivyo, ukabanwa na kubaki humo. Kwa hiyo, unapogongomea kipago, pete zinazoonekana kwenye ncha ya ulimi zisimame sambamba na urefu wa mguu. Nimepiga alama ya penseli kwenye kila kipago ili mwelekeo usipotee wakati wa haraka.

Unyevu wa mguu nao una kipimo chake. Mguu mbichi kabisa hupasuka unapokauka kuuzunguka ulimi usiokubali kupungua, na mguu uliokauka sana hauna tena cha kusinyaa ili ubane. Miguu iliyokaushwa kwa hewa hadi karibu asilimia 15 hadi 20, pamoja na ndimi zilizotoka sandukuni zikiwa na asilimia 5 au 6, ndiyo iliyotoa viungo ambavyo sikuweza kuvitenganisha bila kuvunja kipago. Msomaji anayeamini kwamba gundi ndiyo inayoshika kiti ningemwomba afanye jaribio hili dogo kabla ya kuendelea.

19 Mei. Kuunganisha

Pande za mbele na nyuma zimeunganishwa kwanza, kila moja ikiwa ngazi fupi. Baada ya hapo matundu ya vipago vya pembeni yanatobolewa, na yanapangwa juu kidogo ya yale ya kwanza kiasi kwamba kekee inapita na kula sehemu ndogo ya ulimi uliomo tayari. Kipago cha pembeni kinapoingia, hukaa ndani ya mfuo huo na kumfungia mwenzake. Kipago cha mbele hakiwezi tena kutoka isipokuwa kile cha pembeni kitangulie.

Ugumu ulikuwa katika pembe. Kikalio kina upana wa milimita 470 mbele na 360 nyuma, kwa hiyo vipago vya pembeni haviingii kwa pembe mraba, na kuikisia kwa jicho kulitoa kiti cha majaribio kilichosokoteka, chenye mguu mmoja hewani. Suluhisho ni kuchora kikalio kwa kipimo kamili kwenye ubao, kuchukua pembe kutoka kwenye mchoro kwa kipimapembe, kisha kuulaza upande wa mbele kwenye jiriwa na kuuinamisha kwa pembe hiyo, ili kekee yenyewe ishikwe sambamba na sakafu. Pimamaji dogo lililofungwa juu ya kekee humwonyesha anayetoboa kama amepotoka. Kwa njia hii jicho linaangalia kitu kimoja tu, na matundu yote yametoka sawa.

Kugongomea kiti kizima kunapaswa kumalizika kwa mfululizo mmoja, kabla ndimi hazijanyonya unyevu wa hewa. Miguu yote minne imegusa bapa sawasawa.

2 Juni. Mgongo na umbo

Vibao vya mgongo ni vitatu, vina unene wa milimita 8, vimelainishwa kwa mvuke na kupindwa bila bamba, kwa kuwa wembamba wao unaruhusu. Vimeingia kwenye mifuo ya miguu ya nyuma bila tatizo la kuandika.

Kwa umbo nimemrejea Sam Maloof (1916–2009) wa California, aliyejifunza useremala bila mwalimu, akapenda kuitwa seremala tu, na mwaka 1985 akawa fundi wa kwanza kupewa tuzo ya MacArthur, inayotolewa Marekani kwa watu wenye ubunifu mkubwa. Aliacha mti mnene kwenye kila kiungo, kisha akauchonga kiungo kikiwa tayari kimeunganishwa, mpaka mguu na kikalio vikaonekana kuota pamoja. Nilitaka kufanya vivyo hivyo kwenye makutano ya vipago na miguu, na nilijaribu kwenye kipande cha akiba. Haifai kwa kiti hiki. Viungo vya Maloof vilikuwa vipana, vimeshikwa kwa gundi na skrubu zilizofichwa, na vilivumilia kupunguzwa. Hapa mti unaolizunguka tundu ndio kibano chenyewe, na kila milimita inayoondolewa inadhoofisha mshiko. Nilichokichukua kwake ni mwenendo wa kupima kwa kiganja: kuketi, kupitisha mkono nyuma ya goti na chini ya bega, na kuchonga tu pale ngozi inapolalamika. Kingo za vibao zimelainishwa kwa namna hiyo, kwa kisu na bila msasa, na alama za kisu zimebaki.

23 Juni. Kikalio

Kikalio kimesukwa kwa kamba ya karatasi iliyosokotwa, yenye unene wa milimita 3 hivi, ile inayotumika kwenye kiti cha Hans Wegner (1914–2007) kilichoanza kuuzwa mwaka 1950, ambacho huchukua takriban mita 120. Wegner alikuwa mtoto wa mshona viatu wa Tønder, Denmark, na aliingia karakana ya seremala akiwa kijana mdogo. Viti alivyovibuni vinazidi 500. Msukaji mzoefu humaliza kikalio cha kiti kile kwa muda wa saa moja hivi. Mimi sikukaribia mwendo huo, na baada ya kusuka ninaelewa kwamba saa ile moja ina ndani yake miaka ya mikono kuzoea mvuto usiobadilika.

Kwa kuwa mbele ni pana kuliko nyuma, kamba fupi zilisukwa kwanza kwenye pembe mbili za mbele, zikafungwa kwa uzi kwenye vipago vya pembeni, hadi nafasi iliyobaki mbele ikalingana na ya nyuma. Kutoka hapo kamba huzunguka pembe nne bila kukatika. Safu za mwanzo zililegea, na ulegevu huo haukuonekana hadi kikalio kilipofika nusu, mistari ya mshazari inayotoka pembeni ilipoacha kukutana katikati. Ilinilazimu kufumua hadi pembe za mbele. Safari ya pili kamba ililoweshwa kidogo, kila mzunguko ulivutwa na kushikwa kwa klampu kabla ya mwingine, na baada ya mizunguko michache nilipima kwa guni kama kamba inakata kipago kwa pembe mraba, kisha nikazisogeza safu zishikane kwa kugonga kipande cha mti butu. Kamba iliyofumuliwa imepoteza msokoto wake na haitumiki tena, kwa hiyo anayeiga anunue ya ziada.

7 Julai. Mafuta na jina

Mti umepakwa mafuta ya kitani, matabaka membamba, kila moja likifutwa kabla ya kukauka. Vitambaa vilivyolowa mafuta haya visikunjwe wala kurundikwa, kwa sababu mafuta hutoa joto yanapokauka na rundo linaweza kuwaka lenyewe. Vianikwe nje vikiwa vimetandazwa, au vizamishwe ndani ya maji.

Nilikuwa nimetayarisha muhuri mdogo wa chuma wa kugonga jina chini ya kipago cha nyuma. Sijautumia. Mfinyanzi Hamada Shōji (1894–1978), aliyeishi na kufanya kazi Mashiko, Japani, aliacha kuweka alama yake kwenye vyombo vyake, na pamoja na rafiki yake Yanagi Sōetsu walitetea uzuri wa vitu vilivyotengenezwa na mikono isiyotajwa. Sina hakika kwamba fundi anayetegemea kazi yake kwa riziki anaweza kumudu msimamo huo. Wakereza wa Chiltern hawakuchagua kutojulikana. Lakini kiti hiki kina bamba la Thonet, kamba ya Wegner, mpangilio wa kazi wa watu wasio na majina, na mwelekeo wa pete nilioonyeshwa na vipande vilivyopasuka, na nimeona ni sahihi zaidi kuandika tarehe ya kukata gogo na aina ya mti peke yake.

Kiti kinakaliwa kila siku. Kuna mstari mwembamba wa penseli kwenye kila kipago, pale kinapoingia mguuni, na ulimi wowote utakaorudi nyuma utauonyesha mstari huo umetengana na mti. Hadi leo umetengana kwenye kipago kimoja tu, cha nyuma chini, kwa upana usiofika nusu milimita. Kipago hicho ndicho kilichokaa nje ya sanduku la joto kwa muda mrefu kuliko vingine siku ya kuunganisha. Ingizo lijalo litaandikwa baada ya kiti kupita majira ya ukavu na kurudi kwenye unyevu.